Kitenzi cha Kutwaa: Historia ya "Take" katika Kiingereza na Nyayo Zake katika Kiswahili

1. Utangulizi

Mzazi anayemwambia dereva, "Mchukue mtoto shuleni", aweza kueleweka kwa njia mbili zinazopingana. Kwa Kiswahili cha siku zote, dereva ameagizwa aende shuleni akamtoe mtoto huko. Lakini ikiwa mzazi huyo ameiunda sentensi yake kwa Kiingereza moyoni mwake kabla ya kuitamka, na kitenzi alichokifikiria ni "take", basi ataka mtoto apelekwe shuleni, wala si kutolewa huko. Maneno yote ni ya Kiswahili, upatanisho ni wa Kiswahili, matamshi hayana kasoro. Na hata hivyo maana imetoka kwingine.

Kosa hili ni dogo, na dereva mwenye busara hulisahihisha kwa kutazama saa. Hata hivyo linaibua swali ambalo limewashughulisha wanaisimu na walimu wa lugha kwa muda mrefu: je, lugha hukopa nini hasa inapokopa, na ni mkopo upi unaoidhuru? Mjadala wa swali hilo katika Afrika ya Mashariki umeelekea mno kwenye orodha za maneno. Huhesabiwa maneno ya Kiarabu, ya Kireno, ya Kihindi na ya Kiingereza yaliyomo katika Kiswahili, kisha hutolewa hukumu juu ya usafi au uchafu wa lugha.

Makala haya yanakusudia kulitazama swali hilo kwa kufuata historia ya kitenzi kimoja tu. Kitenzi chenyewe ni "take" cha Kiingereza, ambacho ni miongoni mwa vitenzi vya kwanza afundishwavyo mwanafunzi, na ambacho, kinyume cha wanavyodhani wengi, si cha Kiingereza kwa asili. Baada ya kuonyesha jinsi Kiingereza kilivyokipokea kitenzi hicho na kukiacha cha wazee wake, makala yatalinganisha historia hiyo na ya vitenzi vya Kiswahili "twaa" na "chukua", kisha yatapima matumizi ya siku hizi ambamo "take" kimeingia katika Kiswahili bila ya kuleta hata silabi moja.

2. Kitenzi cha wenyeji

Katika Kiingereza cha Kale, yaani lugha ya Waanglo-Saksoni tangu walipohamia kisiwa cha Britania katika karne ya 5 hadi ushindi wa Wanormani mwaka wa 1066, kitenzi cha kawaida cha kutaja tendo la kutwaa kilikuwa "niman". Kitenzi hiki kilikuwa na ndugu katika takriban lugha zote za ukoo wa Kijerumani. Kijerumani cha leo husema "nehmen", na Kiholanzi husema "nemen". Waskandinavia nao walikuwa na "nema" chao, ingawa katika matumizi ya kila siku kilikuwa kimezidiwa nguvu na kitenzi kingine kitakachotajwa hapa chini.

"Niman" hakikuwa neno la pembeni. Kilitumika katika sheria za wafalme, katika mahubiri, katika tarehe za matukio zilizoandikwa watawani, na bila shaka katika mazungumzo ya watu ambao hawakuandika chochote. Kilinyambuliwa kwa kubadili irabu ya shina, kama ilivyo desturi ya vitenzi vikongwe vya ukoo huo. Mtu wa zama hizo angeulizwa ni maneno gani ya lugha yake yasiyoweza kutoweka, yamkini angelitaja "niman" pamoja na maneno ya kula, kulala na kufa. Baada ya miaka mia nne hivi, neno hilo lilikuwa limetoweka katika maandishi ya heshima.

3. Kuja kwa mgeni

Mwaka wa 793 mabaharia kutoka Skandinavia walikishambulia kisiwa cha Lindisfarne, kaskazini mashariki ya Uingereza, na kuiteka nyara nyumba ya watawa iliyokuwapo huko. Mashambulizi ya aina hiyo yaliendelea kwa miongo kadhaa, hata mwaka wa 865 lilipofika jeshi kubwa ambalo halikuja kupora na kuondoka tu. Mwaka uliofuata jeshi hilo liliuteka mji wa York. Mfalme Alfred wa Wessex alilishinda jeshi la Guthrum mwaka wa 878, na katika mapatano yaliyofuata mipaka iliwekwa kati ya watu wa pande mbili. Sehemu kubwa ya mashariki na kaskazini ya Uingereza ikawa chini ya sheria na desturi za Wadenmaki, na kwa sababu hiyo hujulikana katika vitabu vya historia kwa jina la Danelaw. Baadaye, kuanzia mwaka wa 1016 hadi 1035, Uingereza yote ilitawaliwa na Cnut, aliyekuwa Mdenmaki.

Jambo la maana kwa mwanaisimu si vita hivyo, bali yaliyofuata baada ya vita. Askari wengi walitua silaha, wakalima, wakaoa na kujenga vijiji. Mamia ya majina ya mahali yanayoishia kwa "by", neno lililomaanisha shamba au kijiji katika lugha yao, yangalipo katika ramani hadi leo. Derby, Whitby na Grimsby ni mifano mashuhuri. Watoto walizaliwa katika nyumba ambamo mama alisema lugha moja na baba nyingine. Tena lugha hizo mbili zilikuwa jamaa wa karibu. Maneno mengi ya nyumbani yalifanana au yalilingana kabisa, hata mtu aliweza kusema lugha yake akaeleweka nusunusu na jirani yake.

Katika Kiskandinavia cha Kale, kitenzi cha kutwaa kilichokuwa vinywani mwa watu kilikuwa "taka". Msomaji wa Kiswahili asidanganyike na umbo hilo. Ufanano wake na kitenzi chetu cha kutaka ni wa sadfa tu. Asili ya maana yake, kama inavyoonyeshwa na Kigothi ambamo "tekan" ni kugusa, yaelekea ilikuwa kugusa au kutia mkono juu ya kitu. Kutoka kugusa ilifika kushika, na kutoka kushika ilifika kutwaa.

Kitenzi hiki chaanza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza mwishoni mwa kipindi cha Kiingereza cha Kale. Si kwamba kilikuwa kimeingia siku hizo tu. Maandishi mengi yaliyohifadhiwa yalifuata lugha ya Wessex, upande wa kusini magharibi, mahali ambapo Waskandinavia hawakufanya makazi makubwa. Hivyo neno lingeweza kusemwa kaskazini kwa vizazi kadhaa kabla ya kalamu ya kusini kuliona. Katika karne ya 12 mtawa Orm, aliyeandika katika lahaja ya mashariki, ndani ya eneo lililokuwa Danelaw, alikitumia kitenzi cha kigeni bila ya kusita. Lakini katika maandishi ya magharibi ya karne ya 13, kama vile Ancrene Wisse, kitabu cha mwongozo wa wanawake watawa, kitenzi cha wenyeji kingali hai. Hata mwaka wa 1340, katika jimbo la Kent lililo kusini mashariki, nje ya Danelaw, mtawa wa Canterbury aitwaye Michel alipotafsiri kitabu chake cha maadili, Ayenbite of Inwyt, aliendelea kukitumia kitenzi cha wazee. Mwishoni mwa karne hiyo, katika London ya Chaucer, "take" kilikuwa ndicho kitenzi cha kawaida. Mwendo wa neno hili, basi, ulikuwa mwendo wa mguu: kutoka kijiji hadi kijiji, kutoka kaskazini na mashariki kwenda kusini na magharibi, kwa muda wa karne tatu au nne.

Mgeni huyu hakuja peke yake. Kutoka katika lugha hiyohiyo Kiingereza kilipata "get" na "call", na majina kama "law", "knife" na "husband". Hata viwakilishi "they", "them" na "their" vimetoka huko. Yafaa isisitizwe kwamba viwakilishi na vitenzi vya mkono ndiyo sehemu ya lugha ambayo kwa kawaida husemwa kuwa haikopeki.

4. Mgeni aliyefuata sheria ya nyumba

Je, Kiingereza kilikufa kwa mikopo hiyo? Jawabu ni dhahiri kwamba hakikufa, na sababu moja yaweza kuonekana katika unyambuaji wa kitenzi chenyewe. Vitenzi vingi vilivyoingia Kiingereza kutoka nje huwekewa kiambishi cha "ed" ili kuonyesha wakati uliopita. "Take" hakikufanya hivyo. Kilipoingia kilikuta kundi la vitenzi vya wenyeji lililobadili irabu kwa namna iliyolingana na ya kwao, kikaketi pamoja nao. Ndiyo maana mpaka leo "take" hufanya "took" na "taken", kama vile "shake", kitenzi cha wenyeji, kifanyavyo "shook" na "shaken". Asiyeijua historia hawezi kumtambua mgeni kati ya hao wawili, maana mgeni alikubali sheria ya nyumba aliyoingia.

Historia ya Kifaransa nchini Uingereza yatoa ulinganisho wenye faida. Baada ya mwaka wa 1066, Wanormani walikuwa mabwana wa nchi, na lugha yao ikawa lugha ya baraza, ya mahakama na ya watu wakubwa kwa vizazi vingi. Katika uwanja huuhuu wa kutwaa, Kiingereza kilipata kwao "seize", neno lililohusiana na umilikaji wa ardhi kisheria, pamoja na "receive", "accept" na "arrest". Maneno hayo ni visawe vya "take" kwa kiasi fulani, lakini kila kimoja kina mahali pake maalumu: kimoja cha nguvu, kingine cha mapokezi, kingine cha ridhaa, kingine cha sheria. Hakuna hata kimoja kilichoweza kuiondoa "take" mezani, sokoni au jikoni. Mtoto wa Mwingereza hatwai mkate kwa kitenzi cha Kifaransa.

Hapa pana funzo la kwanza. Utawala uliipa lugha maneno ya juu. Ujirani uliipa maneno ya chini kabisa, yale ambayo nyumba imejengwa juu yake. Wanormani walitawala kwa uwezo mkubwa kuliko wakulima wa Kidenmaki, lakini hawakukaa na wenyeji kitako kwa namna ileile, wala lugha yao haikuwa jamaa wa karibu wa Kiingereza.

Na "niman" kiliishia wapi? Neno lililoshindwa halikosi kuacha mabaki. Kivumishi "numb", kinachomaanisha aliyekufa ganzi, kwa asili ni "aliyetwaliwa", yaani aliyeshikwa na baridi au maradhi, kama vile Mswahili naye asemavyo kuwa ameshikwa na homa. Kivumishi "nimble", kinachomaanisha mwepesi wa viungo, kwa asili ni mwepesi wa kutwaa. Kitenzi chenyewe kiliteremka cheo. Kufikia karne ya 17 "nim" lilikuwa neno la mitaani lenye maana ya kuiba vitu vidogo vidogo. Shakespeare alimpa mmoja wa wahusika wake jina la Nym, na katika tamthilia ya Henry V, iliyotungwa mnamo mwaka wa 1599, habari zaja kwamba mtu huyo amenyongwa, naye alikuwa mwizi. Kitenzi kilichowahi kusemwa na wafalme kilimalizikia katika jina la mnyongwa.

"Take" nacho kilipanuka hata kikawa vigumu kukielezea. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka wa 1755, alikigawia maana 134. Mwaka wa 1930 C. K. Ogden alipotangaza Kiingereza chake chepesi chenye maneno 850, alivipunguza vitenzi vyote hadi vichache mno visivyoachika, na "take", "get" na "give" vilikuwa miongoni mwa hivyo vichache. Neno lililoingia na maadui wa karne ya 9 lilihesabiwa kuwa miongoni mwa mihimili ya lugha.

Upana huo una tabia mbili ambazo zitahitajiwa katika hoja inayofuata. Kwanza, "take" huungana na nomino ikaacha karibu maana yake yote, kazi ya maana ikafanywa na nomino: Mwingereza "hutwaa" matembezi, "hutwaa" koga, "hutwaa" kiapo, "hutwaa" mtihani, hali hakuna kitu kilichoshikwa mkononi. Pili, "take" hutazama kitu kinachoondoka pale msemaji alipo. Kwa hiyo Mwingereza humtwaa mtoto kwenda shule, na hapo ndipo mzazi wa mfano wa kwanza alipokwama.

5. Twaa, chukua na beba

Kiswahili nacho kina historia yake ya kutwaa. Kitenzi kikongwe ni "twaa", ambacho kina ndugu katika lugha nyingine za Kibantu, kama vile Kiganda "kutwala" na Kinyarwanda "gutwara", vyote vikihusu kuchukua au kupeleka. Edward Steere, katika kitabu chake cha mwaka wa 1870 juu ya Kiswahili cha Unguja, alikifanya "twaa" kuwa tafsiri ya "take", na "chukua" kuwa hasa kitenzi cha kubeba mzigo. Ushahidi wa maana hiyo ya kale ya "chukua" ungalimo katika lugha. Mchukuzi ni mbebaji wa mizigo, si mtu atwaaye vitu. Uchukuzi ni usafirishaji. Mwanamke huchukua mimba. Nguo iliyomkaa mtu vyema husemwa kuwa imemchukua. Watu waungwana huchukuliana, yaani kila mmoja hubeba udhaifu wa mwenziwe. Wamvita husema "tukua", na maana hizo zote wanazo.

Hata hivyo katika mazungumzo ya leo, hasa bara, anayetaka mwenziwe atwae chenji yake husema "chukua". Mahali pa kubeba pamejazwa na "beba", kitenzi ambacho katika kamusi za zamani kilielezwa hasa kwa tendo la kumbeba mtoto mgongoni, lakini ambacho siku hizi hubebeshwa kila mzigo, wa gunia na wa lori. Inaonekana, basi, kwamba vitenzi vitatu vimesogezana: "beba" kimetoka mgongoni kikatwaa nafasi ya "chukua", na "chukua" kimetoka kichwani na begani kikatwaa nafasi ya "twaa".

Na "twaa"? Tofauti na "niman", hiki hakikuteremka. Kimepanda. Timu hutwaa kombe. Jeshi hutwaa madaraka. Wakristo husema kwamba Mwana wa Mungu alitwaa mwili. Katika lugha ya sheria nchini Tanzania, Serikali inapoitwaa ardhi ya mtu kwa manufaa ya umma, tendo hilo huitwa utwaaji. Pwani, hasa vinywani mwa wazee, na katika ushairi, kitenzi hiki kingali na maisha yake ya zamani. Kwingineko kimevaa joho na kuketi mahali pa heshima. Kiingereza kilimtupa mzee wake gerezani, Kiswahili kilimpandisha jukwaani, lakini katika hali zote mbili mzee alitolewa jikoni.

Mabadiliko haya ya Kiswahili yanaelezeka yenyewe bila ya kumsingizia mgeni. Mwenye kubeba kitu na kwenda nacho amekwisha kukitwaa; hatua kati ya maana hizo mbili ni fupi, na lugha nyingi zimeipiga. Wala Kiarabu, kilichokipa Kiswahili vitenzi kama "safiri", "fikiri", "samehe" na "rudi", hakikukipa kitenzi cha kutwaa. Kwa muda wote wa biashara na ndoa za pwani, mlango huo ulibaki mikononi mwa Wabantu.

6. Mkopo usio na sura

Kwa kuwa "chukua" kilikwisha kusogea mahali pa kutwaa, mtu ajuaye lugha mbili alianza kukilinganisha na "take" moja kwa moja. Hapo ndipo ulipoanza mkopo wa aina nyingine. Siku hizi husikika katika Kenya, katika matangazo, katika insha za wanafunzi na katika mazungumzo ya ofisini, maneno kama haya: kuchukua basi, kuchukua chai, kuchukua dawa, kuchukua picha, kuchukua mtihani, kuchukua kiapo, na katika tafsiri za haraka, hata mkutano "kuchukua mahali" kwa maana ya kufanyika.

Haya yote si ya daraja moja. Yafaa yapangwe katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la matumizi yanayofanana na Kiingereza, lakini yanayoweza kutokana na maana ya kubeba. Chombo kinachochukua watu kumi kinawabeba kweli. Kulipiga vita fungu hili kwa sababu tu Kiingereza kina usemi unaokaribiana ni kulikosea haki.

Fungu la pili ni la matumizi yaliyoingia kwa tafsiri, lakini yakajaza nafasi iliyohitaji kujazwa. "Kuchukua hatua" ni mfano mzuri. Usemi huu una harufu ya Kiingereza, lakini umekubaliwa na waandishi wa pande zote, nao una maana ambayo "kutenda" peke yake haiifikii. "Kuchukua nafasi ya" mtu mwingine ni hali kadhalika. Semi hizi zimefanya kama "took" na "taken" zilivyofanya: zimeingia, zimefuata sheria ya nyumba, zimeketi.

Fungu la tatu ni la matumizi yanayoondoa tofauti iliyokuwapo. Mswahili hupanda basi, hunywa chai, humeza kidonge, hupiga picha, hufanya mtihani. Kila kitenzi kati ya hivyo kinatoa habari juu ya tendo lenyewe. Vyote vikigeuzwa kuwa "chukua", Kiswahili hakipati neno jipya hata moja, bali kinapoteza matano.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote ni kiapo. Mswahili hula kiapo. Usemi huu una historia ndani yake, kwa maana kiapo cha zamani hakikuwa maneno matupu. Kilikuwa pia jaribio, ambamo mshukiwa aliweza kupewa kitu cha kula au kunywa ili ukweli wake ujulikane. Anayesema "kuchukua kiapo" hajakosea sarufi yoyote. Amekata tu uzi unaoiunganisha lugha na mahakama za wazee wake, na hajui kwamba ameukata.

Yawezekana kujibiwa kwamba Kiswahili nacho kina vitenzi vipana visivyo na maana moja. Ni kweli. "Piga" hupiga picha, pasi, simu, mbizi, magoti na kelele; "kula" hula njama, hasara na kiapo. Katika upana, "piga" ni ndugu wa "take", na mgeni anayejifunza Kiswahili hutaabika nacho kama vile Mswahili anavyotaabika na kile. Lakini jibu hili laitia nguvu hoja badala ya kuidhoofisha. Kiswahili hakikosi kitenzi kipana kinachohitaji kuazima upana kutoka nje. Upana wa "piga" na wa "kula" ulikua pole pole ndani ya lugha yenyewe, na kila tawi lake lina mahali liliposhikamana na shina. Upana wa "chukua" katika fungu la tatu umekatwa kutoka mti mwingine na kufungwa kwa kamba.

7. Sababu za tofauti

Kama funzo la Uingereza ya kale ni kwamba utawala huleta maneno ya juu na ujirani huleta maneno ya chini, basi ingetarajiwa kwamba Kiingereza, lugha ya ofisi na shule katika Kenya, kingekipa Kiswahili majina ya vyombo na vyeo, kikaviacha vitenzi vya mkono salama. Kwa sehemu ndivyo ilivyokuwa. Hakuna Mswahili anayesema kwamba "ameteki" mkate wake na kuhesabiwa kuwa anasema Kiswahili fasaha. Umbo la neno limezuiliwa mlangoni.

Kilichopita ni mpango wa matumizi, na njia uliyopitia haikuwapo katika Danelaw. Huko lugha mbili zilikutana katika nyumba moja, kati ya watu wawili. Hapa zinakutana katika kichwa kimoja. Mwandishi wa habari hupokea taarifa kwa Kiingereza na kuisoma kwa Kiswahili baada ya muda mfupi. Mwanafunzi husoma historia na sayansi kwa lugha moja kisha huandika insha kwa nyingine. Karani hufasiri barua akiwa amesimama. Mtu huyo mmoja ndiye mwenyeji na ndiye mgeni, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Neno geni lina sura, na lenye sura hutambuliwa, hupimwa, na likikubaliwa hufundishwa adabu ya nyumba. Matumizi mageni yaliyovaa neno la kienyeji hayana sura, na kwa sababu hiyo hupita bila ya kuulizwa habari.

8. Hitimisho

Historia ya "take" yaonyesha kwamba lugha yaweza kumtoa jikoni mmoja wa wazee wake, ikampokea mgeni mahali pake, na bado ikabaki lugha ileile. Hasara ya Kiingereza ilikuwa ndogo kwa sababu mgeni alikuja na maana ileile ya mzee na akakubali unyambuaji wa wenyeji. Kilichobadilika ni sauti, si tofauti za maana. Historia ya "twaa", "chukua" na "beba" yaonyesha vilevile kwamba vitenzi vya msingi husogea hata pasipo mgeni. Hofu ya neno la kigeni, basi, imeelekezwa mahali pasipo na hatari kubwa.

Hatari yenyewe iko mahali ambapo tofauti hupotea. Kwa mtungaji wa kamusi, hii ina maana kwamba haitoshi kuandika asili ya neno. Yapasa kuandikwa pia nomino ambazo kila kitenzi huandamana nazo, ili msomaji ajue kwamba kiapo huliwa na basi hupandwa. Kwa mwalimu, ina maana kwamba kalamu nyekundu isichorwe juu ya kila "chukua" kinachofanana na "take". Mwalimu aulize swali moja: je, usemi huu umeipa lugha tofauti isiyokuwa nayo, au umeiondolea tofauti iliyokuwa nayo? Jawabu likiwa la kwanza, mgeni apewe kiti. Likiwa la pili, mwanafunzi arudishiwe kitenzi chake na aelezwe kilikotoka.

Mzazi wa mwanzo wa makala haya hakuhitaji neno jipya ili dereva amwelewe. Alihitaji "mpeleke", na neno hilo alikuwa nalo.